UKURASA WA BWANA SHAMBA: Chokoleti haitaki moto

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kuvundika kakao. Tulisema ya kwamba mbegu za kakao hufunikwa kwa majani ya migomba, au huwekwa ndani ya masanduku ya mbao, kwa siku 5 mpaka 7. Hugeuzwa ili zivundike sawasawa. Kisha huanikwa juani mpaka zikauke. Mbegu isiyovundikwa vizuri huwa chungu na kali mdomoni, na hakuna upishi utakaoiponya.

Baada ya hapo nilipata swali kutoka kwa kina mama wa kikundi kimoja. Waliuliza hivi: "Bwana shamba, kuvundika tumejua. Kukausha tumejua. Kusaga pia tumejua. Lakini tukiiyeyusha chokoleti yetu jikoni inaungua. Tunakosea wapi?"

Swali hili nitalijibu kwa urefu. Mimi mwenyewe nimewahi kuunguza chokoleti. Tena haikuwa yangu. Ilikuwa ya watu.

SIKU NILIYOHARIBU KAKAO YA WATU

Mwaka 2023 nilikuwa nikifanya kazi na kikundi cha kina mama 11 katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kyela. Kyela iko katika Mkoa wa Mbeya, kando ya Ziwa Nyasa. Sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania hutoka huko. Wakulima huuza mbegu kavu kwa mnada kupitia vyama vyao vya ushirika. Nyingi ya mbegu hizo husafirishwa kwenda nchi za nje, na huko ndiko hugeuzwa kuwa chokoleti. Nimewajua wazee waliolima kakao miaka 30 bila kuonja chokoleti hata mara moja.

Kina mama hawa walitaka kuonja. Walitaka kuuza pia. Walikaanga mbegu katika kikaango, wakazimenya, wakapepeta maganda kwa ungo. Wakazitwanga katika kinu, kisha wakazisaga juu ya jiwe lililopashwa joto. Mbegu za kakao zikisagwa namna hiyo hazibaki unga. Hutoa mafuta yake zenyewe, zikawa rojo jeusi linalong'aa. Ndani yake wakatia sukari iliyosagwa laini. Wakamimina katika vikopo, ikaganda. Hiyo ndiyo ilikuwa chokoleti yao. Haikuwa laini kama ya kiwandani. Ulimi ulisikia chengachenga za sukari. Lakini ilikuwa chokoleti ya kweli, na mimi naipenda kuliko ile ya dukani.

Shule moja ya jirani ilikuwa na mahafali. Mwalimu akaagiza pakiti 200 za karanga zilizopakwa chokoleti. Kikundi kilikuwa hakijapata kazi kubwa namna hiyo. Walikuwa na kilo 4 na nusu za chokoleti tayari. Kazi iliyobaki ilikuwa kuiyeyusha, kuchovya karanga, kuacha zigande na kufunga.

Wakaniita niwe pamoja nao. Mama mwenyekiti akaniuliza, "Bwana shamba, tuiyeyushe vipi?"

Nilipaswa kusema, "Mama, sijui." Sikusema hivyo. Nina cheti cha kilimo na nimefundisha wakulima zaidi ya miaka 20. Niliona aibu. Nikasema, "Moto mdogo tu, kama wa uji."

Tukaweka sufuria juu ya jiko la mkaa. Tukatia chokoleti yote kwa mara moja, vipande vikubwavikubwa kama vilivyotoka katika vikopo. Vya chini vikaanza kuyeyuka. Vya juu vilikuwa bado vigumu kama mawe. Nikaona tunachelewa. Nikasema, "Pepea moto kidogo."

Baada ya dakika chache tukasikia harufu ya uji ulioshika chini. Nikachukua mwiko, nikakoroga kwa nguvu. Nilidhani naokoa. Kumbe nilikuwa nakwangua ukoko wa chini na kuuchanganya na chokoleti iliyokuwa bado nzuri.

Kisha nikafanya kosa la pili. Nilitaka kuipoza haraka. Nikachota maji ya baridi, robo kikombe hivi, nikamimina ndani. Papo hapo chokoleti ikashikana. Ikawa donge zito lenye chengachenga, kama udongo wa kufinyangia vyungu. Mwiko ukasimama wenyewe katikati ya sufuria.

Hakuna aliyesema neno. Bibi mmoja, mzee kuliko wote, akachukua kidogo kwa ncha ya kidole. Akaonja, akatema pembeni. Akaniambia, "Pole, mwanangu." Ile pole iliniuma kuliko kama angenigombeza.

Jioni mama mwenyekiti alikwenda kwa mwalimu kuomba radhi. Mahafali yakapita bila karanga. Mimi nililipa kakao na sukari kwa mara mbili, nusu mwisho wa mwezi ule na nusu mwisho wa mwezi uliofuata. Lakini kazi yenyewe haikurudi. Mwaka uliofuata shule iliagiza biskuti.

Na hapo nilikuwa na bahati. Kwa miaka mingi kakao katika soko la dunia iliuzwa kati ya dola 2,000 na 3,000 za Marekani kwa tani. Mwaka 2024 mavuno yalikuwa mabaya katika nchi za Ghana na Kodivaa, bei ikapanda ikapita dola 10,000. Mwaka 2025 ikateremka tena. Kama ningeunguza sufuria ile mwaka 2024, labda hata sasa ningekuwa nalipa.

UJI HUTUONYA, CHOKOLETI HAITUONYI

Sasa tuone kwa nini inaungua.

Mbegu ya kakao, karibu nusu yake ni mafuta. Mafuta haya ndiyo yanayoganda na kuyeyuka. Joto likifika nyuzi 34 hivi za sentigredi, mafuta ya kakao yamekwisha kuyeyuka. Mwili wa mtu mzima wa afya una nyuzi 37. Ndiyo maana ukitia kipande cha chokoleti mdomoni huyeyuka bila kutafunwa. Fikiri jambo hilo kidogo. Joto la mdomo wako linatosha kuyeyusha chokoleti. Maji yanayochemka yana nyuzi 100. Makaa mekundu yana nyuzi mamia kadhaa. Sisi tuliichukua chokoleti inayohitaji joto la mdomo tukaiweka juu ya makaa.

Chokoleti nyeusi isipite nyuzi 50. Ile yenye maziwa na ile nyeupe zisipite 45, kwa sababu maziwa hudhurika upesi zaidi.

Kosa langu lilitokana na uji. Uji una maji mengi. Maji yakipata moto huanza kutokota, nasi tunaona na kusikia. Tena maadamu maji yamo, joto la uji halipandi sana kupita lile la maji yanayochemka. Maji yanatulinda. Chokoleti haina maji ndani yake. Ni mafuta, sukari na unga laini wa kakao. Haitokoti. Haitoi povu. Hukaa kimya, joto linapanda, mpaka usikie harufu. Ukisikia harufu umekwisha kuchelewa.

Kuna jambo lingine linalodanganya watu. Kipande cha chokoleti kikiyeyuka bila kuguswa huweza kubaki na umbo lake. Unakitazama, unaona bado kigumu, unaongeza moto. Kumbe kimekwisha kulainika, kinangoja kukorogwa tu. Basi usiamini macho. Koroga kwanza, ndipo uamue kama joto limepungua.

MAMA WA MIZINGA

Wiki mbili baada ya msiba ule nilirudi kijijini. Nilikuwa na haya. Tukakaa chini ya mwembe kuzungumza. Mama mmoja, ambaye mume wake hufuga nyuki, akanyosha mkono. Akasema, "Bwana shamba, uniwie radhi. Sisi nyumbani nta hatuiweki motoni. Tunaiweka juu ya maji. Je, chokoleti nayo haiwezi?"

Ndugu msomaji, nilinyamaza. Jambo lile nililifundishwa chuoni. Nta ya nyuki ikiwekwa moja kwa moja juu ya moto huungua, na hata huweza kuwaka. Kwa hiyo chombo cha nta huwekwa ndani ya chombo cha maji ya moto. Asali iliyoganda pia huyeyushwa hivyo hivyo, ili isipoteze utamu na harufu yake. Nimewafundisha wafugaji wa nyuki jambo hili mara nyingi sana. Lakini siku ile ya karanga sikulikumbuka, maana nilikuwa nafikiri juu ya uji.

Mama yule alijibu swali lote kwa sentensi mbili. Mimi naongeza tu mambo madogo ambayo tuliyajua baadaye kwa kujaribu.

NAMNA YA KUYEYUSHA

Tafuta sufuria ndogo na bakuli la bati, la aluminiamu au la chuma. Bakuli liwe pana kuliko mdomo wa sufuria. Likae juu ya sufuria na kuufunika mdomo wote, ili mvuke usitoke pembeni ukaingia ndani ya chokoleti. Bakuli dogo linalozama ndani ya sufuria halifai.

Tia maji katika sufuria, kina cha vidole viwili au vitatu. Weka bakuli juu uone. Kitako cha bakuli kisiguse maji. Kikigusa, punguza maji. Kisha ondoa bakuli ulifute likauke kabisa.

Katakata chokoleti vipande vidogo, vyote vya kadiri moja. Ukubwa wa punje ya hindi wafaa. Kazi hii inachosha mkono, na wengi huiruka. Usiiruke. Vipande vikubwa huyeyuka nje vikabaki vigumu ndani, na hapo ndipo mtu hushawishika kuongeza moto. Kina mama wetu hukata usiku, huku wakizungumza habari zao, na kazi huisha bila kuonekana.

Chemsha maji. Yakianza kutokota, ipua sufuria uiweke chini. Ndiyo, iondoe kabisa jikoni. Weka sasa bakuli juu yake, utie chokoleti, lakini si yote. Gawa mafungu matatu sawasawa. Tia mawili. Fungu la tatu liache pembeni, nitakueleza kazi yake.

Ngoja kidogo, kisha koroga polepole. Tumia kijiko cha chuma kilicho kikavu. Mwiko wa mti huficha maji ndani yake hata ukionekana mkavu, na harufu ya vitunguu vya jana pia. Koroga kutoka pembeni kuja katikati, maana pembeni ndiko kwenye joto zaidi. Kama maji yamepoa na chokoleti bado haijayeyuka, ondoa bakuli, rudisha sufuria jikoni ipate moto, ipua tena. Usiwe na haraka. Kwa kilo moja sisi hutumia karibu nusu saa.

Wenye jiko la gesi hufikiri wao wamepona, kwa sababu moto wa gesi hupunguzwa kwa kugeuza kidude. Moto mdogo wa gesi ni moto vilevile. Nao waweke maji.

Huko mjini wako wenye majiko ya umeme ya kupashia chakula. Wao wapashe kwa nusu dakika, watoe, wakoroge, warudishe tena. Na wako waliojaribu kuyeyusha juani. Kyela jua la saa 8 mchana huweza kulainisha chokoleti kabisa, sikatai. Lakini siafu na vumbi navyo hupenda chokoleti.

TONE LA MAJI

Tumesema maji yakae chini ya bakuli. Yasiingie ndani. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo nitaeleza vizuri.

Chukua unga wa mahindi mkavu katika kiganja. Unamwagika kama mchanga. Dondosha tone moja la maji. Pale lilipoangukia pameshikana donge. Sukari na unga wa kakao ndani ya chokoleti hufanya vivyo hivyo. Vimeogelea katika mafuta, kila chembe peke yake, na chokoleti inatiririka. Tone la maji likiingia, chembe za sukari hulowa, hunatana, na kukamata wenzake. Chokoleti nzima huacha kutiririka.

Maji haya huja kwa njia za wizi. Bakuli lililooshwa na kufutwa nusunusu. Kijiko kilichotoka kwenye beseni. Jasho la mikono. Mvuke wa sufuria nyingine inayotokota karibu. Na kifuniko. Usifunike bakuli la chokoleti ya moto hata kidogo. Mvuke hupanda, hugeuka maji chini ya kifuniko, hudondoka ndani. Ukiinua bakuli kutoka juu ya sufuria, futa kitako chake papo hapo kwa kitambaa kikavu. La sivyo unapomimina, maji ya kitakoni yatafuata chokoleti.

Sasa tuseme imeshikana. Je, utupe? Hapana, kama haijaungua. Rudi kwa unga wako. Tone moja hufanya donge, lakini maji mengi hufanya uji. Tia maji ya moto kijiko kimoja cha chakula, ukoroge kwa bidii. Tia kingine. Endelea mpaka ilainike tena. Haitafaa tena kupaka karanga, kwa sababu haitaganda ikawa ngumu. Lakini tia ndani ya maziwa ya moto, utapata kinywaji kizuri sana cha asubuhi. Wenyeji wa Amerika ya Kati, ambao ndio waliojua kakao zamani kuliko sisi sote, waliikoroga na maji wakainywa. Chokoleti ya kipande, ya kutafuna, ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1847 tu. Kwa hiyo ukinywa hujaharibu kitu.

Donge langu la mwaka 2023 halikuponyeka, kwa sababu lilikuwa limeungua kwanza. Chokoleti iliyoungua haina dawa. Sukari, maziwa, vanila, hakuna kinachoficha uchungu ule. Ila ukiwahi, yaani ukisikia harufu mapema, usikoroge wala usikwangue. Mimina taratibu ile ya juu katika bakuli lingine kavu, uache ukoko chini. Onja ya juu. Mara nyingine nusu hupona.

Na ile iliyoharibika usimpe mbwa. Naomba hili lisomwe mara mbili nyumbani. Ndani ya kakao kuna kitu ambacho mwili wa mtu hukimudu, lakini mwili wa mbwa hukiondoa polepole mno. Mbwa hutapika, hutetemeka, na akila nyingi hufa. Kuku pia wasipewe. Siku ile nilikuwa nimekwisha kubeba sufuria kwenda kwa mbwa wa jirani, nikidhani angalau mmoja atafurahi. Fukia shimoni, tena shimo la kina.

KUGANDA KATIKA JOTO LETU

Turudi kwa fungu la tatu tulilolibakiza.

Mafuta ya kakao yana tabia ya ajabu. Yakiganda ovyo, chokoleti huwa laini, haing'ai, na baada ya siku chache huota weupe juu kama kuvu. Weupe huo si kuvu. Ni mafuta yamepanda juu. Haudhuru mwili, lakini mnunuzi haupendi. Yakiganda vizuri, chokoleti hung'aa na ukiivunja hulia "tak."

Namna rahisi ya kuyagandisha vizuri ni hii. Mafungu mawili yakiisha kuyeyuka, ondoa bakuli juu ya sufuria, ufute kitako. Sasa tia lile fungu la tatu kidogokidogo, ukikoroga. Vile vipande vigumu vilikwisha kuganda vizuri tangu mwanzo. Vinaipoza ile ya moto, tena vinaifundisha namna ya kuganda. Endelea mpaka vikaribie kuisha kuyeyuka.

Huna kipimajoto? Hata sisi hatuna. Chukua kidogo kwa kijiko safi, gusisha chini ya mdomo wako wa chini. Ikiwa ya moto, bado. Ikiwa huisikii, imekaribia. Ukiisikia baridi kidogo, anza kuchovya. Hapo iko kama nyuzi 31 au 32, chini ya joto la mwili wako. Kijiko hicho usikirudishe bakulini.

Kama chokoleti yako iligandia katika vikopo ikiwa na weupe, fungu la tatu halitasaidia sana, maana mwalimu mwenyewe hajui somo. Kwa kazi hiyo chagua vipande vinavyong'aa. Ukikosa, tumia kipande cha chokoleti nyeusi ya dukani inayong'aa.

Taabu ya Kyela ni joto. Kwetu mchana wa miezi ya joto hupita nyuzi 30. Chokoleti itagandaje, hali hewa yenyewe inataka kuiyeyusha? Wenzetu wa Tukuyu, huko juu kwenye baridi na mvua, hawaijui shida hii. Kina mama wetu walijaribu mchana, karanga zikabaki zinanata mpaka jioni na nzi wakajaa. Sasa huamka saa 10 alfajiri. Huyeyusha kwa taa. Saa 12 karanga zimekwisha kuchovywa na kutandazwa. Wanatumia jani la mgomba lililofutwa likakauka kabisa, upande unaong'aa ukiwa juu, kwa sababu karanga hubanduka humo bila kushika. Kabla jua halijachoma, zimeganda na kufungwa katika karatasi.

Karanga zenyewe zikaangwe jana yake na zipoe. Karanga mbichi ina maji. Ya moto huharibu yote tuliyoyafanya kwa kijiko na mdomo.

Usiweke pakiti juani kwenye kibanda cha barabarani. Wale wanaouza kituo cha mabasi huziweka ndani ya chungu kikubwa kikavu chenye kifuniko, kivulini, na hutoa chache chache.

KIKUNDI SASA

Mwaka huu mahafali yalipokaribia, mama mwenyekiti alikwenda tena kwa mwalimu. Alibeba pakiti 5 za kuonjesha. Mwalimu aliagiza 60 kwanza, si 200. Sikumlaumu.

Alfajiri ya kazi nilikuwapo. Mama wa mizinga ndiye aliyesimamia bakuli. Bibi yule mzee ndiye aliyepima kwa mdomo, kwa kuwa wenzake wanasema mdomo wake haukosei. Mimi nilipewa kitambaa cha kufutia vitako vya mabakuli. Kila bakuli lilipoinuliwa niliitwa, "Bwana shamba, futa!" nikafuta. Pakiti 60 zilikamilika kabla ya saa 1, na za ziada 7. Moja nilipewa mimi.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya ugonjwa wa matunda meusi ya kakao, ambao huja na mvua. Anza sasa kupunguza matawi yanayofanya giza shambani, na yale matunda makavu meusi yaliyobaki mtini tangu msimu uliopita yachume uyafukie.